Binti amemaliza kidato cha sita HGL, anataka kusoma sheria nje ya nchi. Tuanzie wapi?

Mama Buzuruga:

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa wanasheria na waliowahi kusoma nje.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hapa hapa Mwanza. Matokeo bado. Tangu yuko kidato cha pili wimbo wake ni sheria tu. Watoto wakigombana nyumbani anawaita wote wawili, anasikiliza huku na huku, ndipo anasema nani alipe nini.

Sasa kuna wakala ana ofisi mjini. Ametuambia Marekani ndiko kwenye sheria. Tulipe ada yake ya usajili, tulipe na ada ya mtihani unaitwa LSAT, na binti akifaulu mwakani anaingia moja kwa moja chuo cha sheria. Baba yake ana ng'ombe kule Magu na yuko tayari kuuza. Mimi moyo unasita. Hayo ni kweli? Na mtoto anayetaka kusoma sheria ugenini ajiandae vipi?

Kirumba Mwaloni:

Mama usilipe hata shilingi mpaka wajuzi wafike. Ng'ombe akishatoka zizini harudi.

Wakili wa Nyegezi:

Shikamoo mama, na pole na presha ya kusubiri matokeo. Mimi ni wakili. Shahada ya kwanza niliisoma chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, nikaenda Law School Dar, baadaye nikapata nafasi ya uzamili Uingereza. Nitaandika kirefu kwa sababu swali lako naulizwa karibu kila mwaka matokeo yakikaribia, na wazazi wanapoteza fedha kwa kukosa maelezo ya dakika tano.

Hilo la Marekani mmeelezwa vibaya. Kule sheria haisomwi na mtu anayetoka sekondari. Shahada yao ya sheria inaitwa JD, ni ya miaka 3, na huingii bila kuwa na shahada nyingine mkononi, ambayo kwao kwa kawaida ni ya miaka 4. LSAT ni mtihani halali, unaendeshwa na taasisi inayoitwa LSAC, na alama zake huanzia 120 hadi 180. Lakini ni mtihani wa watu wanaomaliza au waliokwisha kumaliza hiyo shahada ya kwanza. Binti wa kidato cha sita hata akipata 175, hakuna JD ya mwakani. Mkimlipia sasa mtakuwa mmenunua tiketi ya safari ambayo bado miaka minne. Isitoshe, masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamebadilika sana tangu 2025. Yeyote mwenye nia ya huko asome kwanza tovuti ya ubalozi, asimtegemee wakala.

Uingereza ni tofauti. Kule mtoto anaweza kutoka kidato cha sita akaingia LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, ya miaka 3. Maombi yanapitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa kuomba vyuo. Oxford na Cambridge wanafunga mapema, katikati ya Oktoba mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo; vingi vilivyobaki ni Januari. Vyuo vichache, Oxford, UCL, LSE na King's vikiwemo, vinataka mtihani wa LNAT: maswali 42 ya kuchagua kwa dakika 95, kisha insha ya dakika 40. LNAT haiulizi sheria hata kidogo. Wanakupa kifungu cha maandishi, wanakuuliza mwandishi amesema nini, amechukulia nini bila kukisema, na hoja yake inavunjika wapi. Vyuo vingi vinaupokea mtihani wetu wa NECTA wa kidato cha sita, ila kila kimoja kina kiwango chake. Aandike barua pepe mwenyewe kwa ofisi ya udahili na atajibiwa bure. Na aangalie mfukoni: ada ya mwanafunzi wa kigeni ya pauni 20,000 na zaidi kwa mwaka ni jambo la kawaida kule.

Lakini mama, kabla ya chuo na kabla ya nchi, kaeni na binti mumuulize: unataka kuja kusimama katika mahakama ya wapi? Daktari anaweza kusoma Urusi akaja kutibu hospitali ya Sekou Toure, mwili wa binadamu ni ule ule. Sheria ina mipaka ya nchi. Anayesoma LLB London anafundishwa ardhi ya Uingereza, mirathi ya Uingereza, uendeshaji wa mashauri wa Uingereza. Akirudi, shahada yake inapaswa kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kisha aingie Law School of Tanzania kwa mafunzo ya vitendo ya mwaka mmoja, akae darasani na waliotoka UDSM, Mzumbe na SAUT ambao Sheria ya Ardhi ya 1999 wameizoea tangu chuo. Inawezekana, wapo waliofanya. Lakini ajue hivyo tangu sasa, asije akakutana nalo akiwa na miaka 24.

Hatuanzi kutoka sifuri, hata hivyo. Sheria zetu zinasema mahakama zitatumia pia komoni loo, yaani sheria iliyojengwa na hukumu za majaji, na kanuni za usawa za Uingereza, pamoja na sheria zao za jumla zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920. Ndiyo maana mwanafunzi wa Malimbe anasoma kesi ya konokono kwenye chupa ya kinywaji, Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, sawasawa na mwenzake wa Manchester. Misingi ya mikataba na madhara ya uzembe inasafiri. Ardhi, ndoa, mirathi na taratibu za mahakama hazisafiri.

Kuhusu maandalizi yenyewe, wengi wanadhani ni mtihani wa Kiingereza wa IELTS na suti. Kiingereza kinahitajika, ndiyo. Kinachowaangusha watoto wetu mwaka wa kwanza ugenini ni kusoma hukumu. Sekondari tumezoeshwa kukariri hoja tano na mifano yake. Kule unapewa kurasa 60 za hukumu leo, kesho mwalimu anakuita kwa jina: ukweli wa kesi ni upi, mahakama ilikuwa inaamua nini hasa, na kama mnunuzi angekuwa mtoto mdogo jibu lingebadilika? Marekani ndiyo zaidi, ule utaratibu wa kuhoji wanafunzi darasani ulianzia Harvard 1870 na bado upo. Na somo zima mara nyingi linapimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho.

Hilo anaweza kulianza wiki hii akiwa hapo Buzuruga, bila kumlipa mtu. Hukumu za Tanzania zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, za Uganda ULII, za Uingereza BAILII. Simu na bando vinatosha. Aanze na hukumu ya kwetu hapa Kanda ya Ziwa, Ephrahim dhidi ya Pastory ya 1990, iliyotolewa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza. Waalimu wa haki za binadamu katika nchi nyingi wanaifundisha. Inapendeza mtoto wa Mwanza akiikuta huko ugenini anaijua kwa asili yake.

Aisome mara mbili, halafu aandike ukurasa mmoja: ukweli, swali, kanuni, sababu. Auweke hapa nimsahihishie.

Jambo jingine, aende mahakamani akae nyuma asikilize. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, hahitaji kujuana na mtu. Avae kwa heshima, azime simu, karani akiita "Kooorti!" asimame na wenzake. Asiangalie sana mawakili wanaopaza sauti. Amwangalie jaji anapoacha kuandika. Wakili mzoefu akiona kalamu imesimama anajua hoja yake haijaingia, na anairudia kwa njia nyingine.

Makerere Mwaka wa 3:

Wakili ameongea yote. Naongezea tu kwamba nje si Ulaya peke yake. Mimi ni wa Mwanza na nasoma LLB Makerere. Ni miaka 4, na kabla ya kuingia kuna mtihani wa usaili wa kuingia sheria, hata kama kidato cha sita ulifaulu vizuri. Nao unapima namna unavyosoma na kupanga hoja, pamoja na mambo yanayoendelea duniani.

Usafiri ni basi tu, Bukoba, Mutukula, Kampala. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ile foleni ya kivuko imekwisha, na mama akitaka kuja kuniona anakuja. Kwa mtoto wa mara ya kwanza kuondoka nyumbani hilo si dogo.

Mshtuko wangu ulikuwa kuzungumza. Hukumu nilikuwa nasoma, lakini darasani Waganda wananyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali, sisi tumezoea kungoja tuitwe. Binti afanye midahalo kwa Kiingereza kuanzia sasa, hata na mdogo wake.

Mzee wa Ilemela:

Nawasoma kwa makini, lakini ngoja nitofautiane. Kwa nini mtoto atoke? Mmesahau 2022, pale Law School watahiniwa 26 tu walipofaulu moja kwa moja kati ya 633, mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe? Kama waliosoma sheria za hapa miaka yote walikwama hivyo, aliyesoma sheria za Waingereza atapita wapi? Na tangu 2021 sheria imetamka Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Mwacheni asome Malimbe, alale nyumbani, fedha ya ng'ombe ije imfungulie ofisi.

Wakili wa Nyegezi:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa mtoto anayetaka kuwa wakili wa mahakama za Tanzania, kesi za ardhi, jinai, mirathi, nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa: LLB aichukulie nyumbani. Ningekuwa na binti wa umri huo ndivyo ningemshauri. Anajua sheria ya mahali atakapokula mkate wake, anajenga majina na wenzake atakaokutana nao mahakamani miaka 30, halafu nje anaenda kwa shahada ya pili akiwa na kitu cha kuongezea.

Lakini si kila mwanasheria anaishia mahakamani. Hili ziwa lenyewe ni la nchi tatu. Mkataba wa uvuvi wa Ziwa Victoria ulisainiwa 1994 na taasisi yake iko Jinja. Mvuvi wa Ukerewe anakamatwa upande wa pili, nyavu zinachukuliwa, nani anamsemea? Tunahitaji watu waliosoma sheria za pande zote. Mtoto mwenye ndoto hiyo Makerere inamfaa kuliko London.

Kuhusu 2022, mimi naisoma hivi: wengi walikuwa na LLB bila kuzoea kuchambua na kuandika. Hilo halitatuliwi na mahali ulipo, linatatuliwa na ulivyosoma.

Mwaka wa Mwisho Malimbe:

Samahani kuingilia uzi. Mimi namaliza LLB SAUT. Kaka wakili, kwa sisi wa shahada ya pili LSAT inahusika? Na ni kweli LLM ya Marekani unaweza kuwa wakili New York?

Wakili wa Nyegezi:

Mdogo wangu, LLM haihitaji LSAT. LSAT ni ya JD. LLM, yaani shahada ya pili ya sheria, ni ya mwaka mmoja, unaombea kwa LLB yako, matokeo ya chuo, barua za waalimu na maelezo yako binafsi. Vyuo vingi vya Marekani vinapokea nyaraka hizo kupitia LSAC, na matokeo lazima yatumwe na chuo chenyewe, kwa hiyo anza mapema na ofisi ya msajili. Usingoje wiki ya mwisho, zinachelewa.

New York ni kweli inawaruhusu waliosoma sheria nje ya Marekani kufanya mtihani wa uwakili kwa masharti. Wanaangalia kama nchi yako inafuata komoni loo na kama muda na maudhui ya LLB yako yanalingana na wanachotaka. Upungufu mmoja kati ya hiyo miwili unaweza kuzibwa kwa LLM yenye saa za masomo zisizopungua 24 kwa hesabu yao. Si LLM yoyote, na kuna masomo ya lazima ndani yake. Omba tathmini kwa bodi yao ya mtihani kabla hujachagua chuo.

Kwa Uingereza wenye uwezo wa kawaida kama sisi tunatazama Chevening, ufadhili wa serikali yao. Inalipia uzamili wa mwaka mmoja, ila inataka saa 2,800 za kazi baada ya kuhitimu na ahadi ya kurudi nyumbani angalau miaka 2. Saa hizo ni kama mwaka na nusu hadi miwili ya kazi. Kwa hiyo ukimaliza usikae kijiweni ukingoja ufadhili. Nenda ofisi ya wakili hata kama posho ni ya nauli, na weka kumbukumbu za kazi zako zote.

Mama Buzuruga:

Wabeja sana wote. Nimesoma na baba yake usiku mpaka mwisho. Wakala tumemwambia hapana. Ng'ombe wabaki kwanza. Ila tukisema matokeo yakija vizuri tujaribu hiyo ya Uingereza, ni karatasi gani zinasumbua watu?

Wakili wa Nyegezi:

Majina, mama. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, vyeti vya NECTA vinasema vile, pasipoti inaongeza la babu. Leo chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, viweke mezani pamoja usome herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, rekebisheni kabla ya kuomba pasipoti. Hati ya kiapo inasaidia baadhi ya mahali, si kote.

Pili ni fedha za viza. Uingereza wanataka kuona fedha ya ada na ya kujikimu imekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango. Kuna familia naifahamu waliuza mali, fedha ikaingia, siku ya ishirini mtu akatoa kidogo kwa msiba, hesabu ikaanza upya na dirisha la chuo likafungwa. Akaunti ikiwa ya mzazi, lazima kiwepo cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha ninyi ni wazazi, na barua ya ridhaa. Kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa mwanafunzi, hulipwa kabla hamjajua kama viza itatoka. Na kipimo cha kifua kikuu. TCU nao hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, kiombeni, kinawapunguzia usumbufu wakati wa kurudi.

Binti wa HGL:

Shikamooni. Mimi ndiye binti mwenyewe, mama amenifungulia akaunti. Hukumu nimeisoma. Nimeandika hivi:

Ukweli: Bibi mmoja Mhaya alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo, akashinda. Mahakama ya Wilaya Muleba ikageuza uamuzi. Akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, akashindwa.

Swali: Je, mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo?

Kanuni: Sheria ya mila ya 1963 inasema mwanamke anaweza kurithi na kuitumia lakini hawezi kuuza.

Sababu: Jaji alisema hiyo ni ubaguzi na ubaguzi ni mbaya, kwa hiyo akaifuta.

Wakili wa Nyegezi:

Marahaba binti. Ukweli umeupanga vizuri, na umeonyesha njia ya shauri kutoka mahakama hadi mahakama, jambo ambalo wengi huliacha.

Tazama sehemu ya sababu. "Ubaguzi ni mbaya" ni maoni yako na yangu. Jaji hawezi kuishia hapo, lazima aonyeshe amepata wapi mamlaka. Rudi kwenye hukumu. Utakuta Ibara ya 13(4) ya Katiba, iliyoingia na Haki za Binadamu mwaka 1984. Kisha utakuta kifungu cha 5 cha Sheria Namba 16 ya 1984, kinachozielekeza mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Sasa soma tena alichoifanyia kanuni ya 20 ya zile za 1963. Aliifuta, au aliisoma kana kwamba imesharekebishwa? Tofauti hiyo ndiyo mtihani wenyewe.

Binti wa HGL:

Nimeona. Aliisoma kama imerekebishwa, wanaume na wanawake wawe sawa. Lakini sijaelewa kitu: kwa hiyo ukoo umepoteza haki zote? Mtu yeyote anauza tu?

Wakili wa Nyegezi:

Swali zuri sana, na jibu limo humo humo. Tazama mwanaume wa Kihaya alikuwa chini ya sharti gani akimuuzia mgeni ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake.

Binti wa HGL:

Mwanaukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Kumbe sharti hilo halikuondoka, sasa linawahusu wote. Kwa hiyo mpwa angeweza kulipa zile 300,000 akaichukua ardhi.

Basi swali nimeliandika upya: Je, baada ya Haki za Binadamu kuingia katika Katiba, kanuni ya mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, huku ikimruhusu mwanaume kwa sharti la kukombolewa, inaweza kuendelea kutumiwa na mahakama?

Wakili wa Nyegezi:

Hilo ndilo. Sasa andika upya sehemu ya sababu kwa mistari isiyozidi sita, utaje Katiba kwanza na kifungu cha 5 baadaye. Ukimaliza, tafuta humo mikataba ya kimataifa ambayo jaji ameitaja, uniambie ameitumia kama sheria yenye kumfunga au kama msaada wa kuisoma Katiba. Nitakuwa mahakamani hadi saa nane, nikitoka nitasoma.